Picha nayo ina alama za vidole

Ukisajili laini pale Mbagala Rangi Tatu, wakala aliyekaa chini ya mwavuli anakwambia uweke kidole kwenye kimashine. Kimashine hakikujui sura. Kinalinganisha mistari ya kidole tu, basi.

Picha iliyomo kwenye simu nayo ina alama ya namna hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft na Hany Farid, wakati huo profesa wa chuo cha Dartmouth huko Marekani, walitengeneza programu ya PhotoDNA. Inaifanya picha iwe nyeusi na nyeupe, inaigawa vijisanduku, kisha inapima jinsi mwanga unavyopanda na kushuka ndani ya kila kijisanduku. Kinachopatikana ni mlolongo wa namba. Picha ikipunguzwa ukubwa au kubadilishwa rangi kidogo, namba bado zinakaribiana, na kompyuta inaitambua.

NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kina huduma ya bure iitwayo Take It Down, kwa picha za utupu za walio chini ya miaka 18. Alama inakokotolewa ndani ya simu yenyewe. Picha haitoki, jina haliulizwi. Mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hupewa alama hiyo ili iisake picha na kuiondoa.

Sasa fikiria mama wa Tandika anayegundua kwamba binti yake wa miaka 14 anatishiwa kwa picha zake za utupu. Mkono wa kwanza unakwenda kufuta, wa pili kwenye fimbo. Ndiyo, fimbo, tusidanganyane. Akifuta, faili la kukokotolea alama limepotea, pamoja na meseji ambazo polisi wangezihitaji. Akipiga, mtoto hasemi tena. Wapo pia wanaomrushia shangazi picha ili “naye aone”, bila kujua kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiangalii undugu.

Teknolojia hii ina mahali inapokomea. Haifiki kwenye ujumbe wa WhatsApp, uliofungwa kwa msimbo, na huko ndiko magrupu ya mtaa yanakosambazia mambo. Tena, utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa 2022 ulikadiria kwamba watoto wapatao 200,000 nchini Tanzania, wa miaka 12 hadi 17, walitendewa ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi mtendaji ni mtu wanayemfahamu. Kumwonya mtoto dhidi ya “watu wa mtandaoni” peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo mzazi, usimlipe anayetishia. Hifadhi meseji, jina na namba yake, ndipo umzuie. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Hukatwi salio.