RNA Isiyosimba Protini na Kuzuka kwa Lukemia

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza nafasi ya RNA isiyosimba protini katika kuzuka kwa lukemia, yaani saratani ya damu. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa kazi ya jeni ni kutoa maelekezo ya kuunda protini. Kwa kuwa sehemu ya DNA ya binadamu ifanyayo kazi hiyo haizidi asilimia 2, sehemu kubwa iliyosalia ilipuuzwa, na mwaka 1972 Susumu Ohno akaieneza istilahi iliyoiita takataka. Jina hilo halikuwa la haki, kama mfano ufuatao unavyobainisha.

2.0 Lukemia Sugu ya Limfosaiti

Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa lukemia hii wana seli ambazo kromosomu yake ya 13 imepoteza kipande katika eneo la 13q14. Watafiti walitafuta humo jeni ya protini ambayo kukosekana kwake kungeeleza ugonjwa, lakini hawakuipata. Mwaka 2002, George Calin, Carlo Croce na wenzao walionyesha kuwa eneo hilo lina RNA mbili fupi mno, miR-15a na miR-16-1, zenye nukleotidi zipatazo 22 kila moja. Katika takriban asilimia 68 ya wagonjwa waliochunguzwa, RNA hizo zilikuwa zimetoweka au kupungua.

Utendaji wake ulidhihirika mwaka 2005. RNA hizi hujishikiza kwenye RNA mjumbe ya jeni ya BCL2, zikaizuia isizalishe protini. Protini hiyo ndiyo inayoikinga seli dhidi ya kifo. Hivyo basi, RNA hizo zikikosekana, protini huzidi, na limfosaiti ambazo zingalikufa kwa wakati wake hurundikana. Mwaka 2010 panya walioondolewa jeni za RNA hizo walipata maradhi yanayofanana na haya.

3.0 Hitimisho

Dawa ya venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, huizuia protini iyo hiyo ya BCL2. Kwa namna fulani huziba pengo lililoachwa na RNA zilizopotea. Hata hivyo, istilahi "isiyosimba" ingali inaitambulisha RNA kwa jambo isilolifanya. Kwa kundi hili lenye kazi ya kudhibiti jeni nyingine, tunapendekeza "RNA dhibiti". Istilahi itokanayo na kazi humwelekeza mtafiti mahali pa kutazama. Itokanayo na upungufu humwambia apite.