Gesi Iliyozikwa Chini ya Bahari Inachungwaje?

Usiku mmoja wa Agosti 1986, gesi ya kaboni dioksaidi ilifoka kutoka Ziwa Nyos kule Kameruni, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Hiyo ilikuwa kazi ya volkano, si ya mtu. Lakini tukisikia kwamba siku hizi gesi hiyo hiyo inazikwa ardhini ili isizidishe joto duniani, ni haki yetu kuuliza: nani anaichunga huko chini?

Tutazame Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway. Gesi asilia inayochimbwa pale hutoka imechanganyika na kaboni dioksaidi, na tangu 1991 serikali hutoza kodi kwa inayoachiliwa hewani. Basi kuanzia 1996 ikatengwa na kusukumwa kwenye mchanga wenye maji ya chumvi, kama mita 800 hadi 1,000 chini. Juu ya mchanga huo kuna tabaka nene la udongo mgumu. Hilo ndilo kifuniko.

Kuchungulia hakuwezekani, kwa hivyo wanasikiliza. Hata wewe, ukitaka kujua maji yaliyobaki kwenye tanki la bati, unaligonga kutoka juu kwenda chini. Mlio ukibadilika, maji yako hapo. Huko baharini, meli hupiga mshindo wa hewa majini, nayo inavuta nyaya ndefu zenye vinasa sauti. Mshindo hushuka, na kila unapogusa tabaka jipya, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Kompyuta huhesabu muda na kuchora picha.

Siri ni kupima mapema. Picha ya kwanza ilichukuliwa 1994, kabla gesi haijaingizwa. Mwaka 1999, zaidi ya tani milioni 2 zikiwa ndani, wakapima tena. Mchanga wenye gesi hupitisha sauti polepole kuliko wenye maji, kwa hivyo mwangwi ulikuwa mkali pale ambapo hapo awali palikuwa kimya. Kumbe gesi ilikuwa imetandaa katika tabaka 9 na kufika hadi chini ya kifuniko! Kukivuka, haikuonekana.

Hata hivyo tusidanganyane: gesi iliyokwisha kuyeyuka majini haionekani vizuri kwa njia hii. Na kule In Salah, Algeria, walikoanza 2004, vipimo vilitia shaka juu ya nguvu ya kifuniko, na kazi ikasimamishwa 2011.