Nyufa Ndogo Ukutani: Kagua Kabla ya Kuziba

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, mwananchi anashauriwa kukagua kwanza, kwani si kila ufa unatibiwa kwa rangi.

Nyufa nyembamba kama unywele hutokea plasta inapokauka upesi bila kumwagiwa maji ya kutosha, au inapochanganywa na simenti nyingi kupita kiasi. Kwa kawaida hizi hazidhoofishi nyumba.

Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, kisha subiri mwezi mmoja. Usipoongezeka:

1. Uchimbe kidogo kwa ncha ya kisu na uondoe vumbi kwa brashi.
2. Uloweshe kwa maji kidogo, kisha kandamiza fila ya ukuta kwa mwiko mdogo.
3. Fila ikikauka, sugua kwa msasa ukiwa umevaa barakoa, kisha paka rangi.

Usizibe ufa unaopanuka, unaokwenda mshazari kutoka kona ya mlango au dirisha, au unaoonekana pande zote mbili za ukuta. Huenda msingi unasogea, hasa penye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Rangi itaficha dalili tu.

Mpangaji amjulishe mwenye nyumba, na taarifa ifikishwe kwa afisa wa ujenzi wa kaunti. Ufa ukiwa kwenye nguzo, au ukipanuka kwa haraka, tokeni nje kwanza, ndipo mripoti.