Massú wa Chile: poste mbili kwa siku moja

Sisi watu wa Katanga tunaijua Chile kwa sababu ya shaba. Hakuna nchi inayotoa shaba nyingi kuipita, na bei ikianguka kule London, wachimbaji wao na sisi tunasikia uchungu siku moja. Lakini mwezi wa nane 2004, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Athènes, wale watu walijulikana kwa tenisi.

Mbele ya hapo Chile haikuwa na hata medali moja ya zahabu ya Olimpiki. Mu tenisi ya wanaume, mutu kwa mutu, Roger Federer, namba moja wa dunia, alitolewa mapema na kijana Tomáš Berdych. Njia ikafunguka. Nicolás Massú akawatoa Kuerten wa Brazil na Moyá wa Uhispania, akafika finali. Mwenzake Fernando González akapigania medali ya shaba (ndiyo, shaba!) na Taylor Dent wa Marekani. Seti ya mwisho ilifika 16-14, González akaipata.

Usiku ule ule hakulala. Yeye na Massú waliingia finali ya wawili-wawili na Wajerumani Kiefer na Schüttler. Mu seti ya nne Wajerumani walibakiza pointi moja tu ya kumaliza, mara nne. Wachile wakakatala. Mchezo uliisha masaa mawili na nusu na kupita kisha saa sita ya usiku, zahabu ya kwanza ikapatikana.

Siku ile ile ya Yenga, Massú akarudi kiwanjani kucheza na Mardy Fish wa Marekani. Alishinda kwa seti tano: 6-3, 3-6, 2-6, 6-3, 6-4. Tangu tenisi irudi mu Olimpiki mwaka 1988, hakuna mwanaume mwingine aliyebeba zahabu zote mbili kwa Michezo moja.

Tunaipenda hii habari, lakini chef asituletee kama mfano. Massú alichagua mwenyewe, na kama miguu ingemkatalia, angepoteza pointi tu. Mutu wa kufunga poste mbili chini ya udongo, akisinzia kwenye mashine, anaweza kumuua mwenzake. Wake zetu wanaijua ile simu ya usiku.

Zahabu ya tatu Chile iliingoja miaka 20, mpaka Francisca Crovetto alipoipata kwa bunduki, Michezo ya Paris 2024.