Uraka, Panadol na Ini la Baba

Akina mama wenzetu, msimu wa korosho Masasi na Newala mabibo hukamuliwa, yakapatikana uraka. Asubuhi baba akiamka kichwa kinamgonga, tunamkimbizia Panadol. Hapo ndipo sisi wauguzi tunapoogopa.

Ini lina vimeng'enya, vichocheo vinavyovunja mafuta, pombe na dawa. Kwa anywaye kila siku kimoja huongezeka, nacho hugeuza sehemu ya Panadol kuwa sumu. Ini lina akiba ya kuizima, lakini mnywaji asiyekula (na wengi hurudi hawautaki ugali) akiba yake ni ndogo.

Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Kwa mnywaji hata hivyo ni vingi. Tuulize zahanati kwanza. Macho yakigeuka manjano, ni hospitali siku hiyo hiyo.