Kivuli Mlangoni: Jini au Mtu?

Juzi nilikuwa Manyatta, Kisumu, na kijana wa mwenyeji wangu akanionyesha simuni filamu ya usiku, ati imepigwa katika jumba la kale la michezo ya kuigiza huko Ulaya. Vijiduara vyeupe vikielea juu ya jukwaa. “Mzee, hizi si roho?”

Sisi tuliokaa chuoni hatuyakanushi majini. Sura ya 72 ya Kurani ina jina lao. Lakini kukiri kuwa wapo si kukiri kila picha.

Tukatoka nje. Wadudu wa ziwani, wale wapaao kama moshi juu ya Nyanza, walikuwa wamejaa. Nikamwambia apige picha, taa ya simu ikiwaka. Loo! Vijiduara vilevile. Kitu kidogo kikiwa karibu mno na kioo cha kamera, kikimulikwa, hutanuka kikawa duara. Vumbi la pazia kuukuu ni hivyo hivyo.

Gumu, wasomaji, ni la Hampton Court, pembezoni mwa London, jumba ambalo watu wa Shakespeare walicheza mbele ya Mfalme James sikukuu za 1603. Oktoba 2003 kamera ya ulinzi ilinasa mtu wa joho refu kwenye milango ya dharura. Hilo si vumbi. Jumba lina waongozaji wavaao mavazi ya kale; wakuu wake wakasema joho lile si lao. Haya, lakini uso haubainiki, na aliyevaa hakupata kuhojiwa. Kadhi gani angepokea shahidi huyo?