Walinzi Wasiolala

Kuanzia Dongobesh hadi Katesh, tunawajua akina mama wanaokesha na wagonjwa wao. Wanaogopa kwamba wakisinzia kidogo tu, jambo baya litatokea.

Giza linapoingia, tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Sevilla, Hispania, walionesha kwamba limfosaiti za binadamu, yaani seli nyeupe za damu zinazopambana na maradhi, nazo hutengeneza melatonini. Huitoa, kisha huipokea zenyewe, nayo huzisaidia kutuma ujumbe wa kuamsha seli wenzake. Ni kama askari aliyebeba posho yake mwenyewe lindoni.

Mpendwa, kulala si kumtelekeza mgonjwa. Ukilala, ndani ya damu yako na yake walinzi wako zamu, na aliyewaweka, Zaburi ya 121 yatukumbusha, hana usingizi. Usiku wa leo mwombe ndugu akupokee zamu. Sali, ulale. Kesho mgonjwa wako atakuhitaji ukiwa na nguvu.